tick, tick... BOOM!: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya mtunzi aliyekwama

Tangu filamu hii itoke Novemba 2021, watu wanaoitazama kwa mara ya kwanza wamekuwa wakiuliza mambo yaleyale: kama hadithi ni ya kweli, kwa nini kijana mwenye kipaji namna ile anashindwa kuandika wimbo mmoja tu, na wale wazee wanaotokea ghafla mgahawani ni akina nani. Kuanzia swali la nne majibu yanafichua hadithi nzima pamoja na mwisho wake. Kama hujaitazama na hutaki kujua, soma matatu ya mwanzo kisha ukaitazame.

Filamu hii inahusu nini?

Ni mwanzoni mwa mwaka 1990, jijini New York. Jonathan Larson anakaribia kutimiza miaka 30, na kwa miaka minane amekuwa akiandika tamthilia moja ya muziki iitwayo Superbia huku akijikimu kwa kuhudumia wateja mgahawani. Hatimaye amepata nafasi ya kuisikilizisha mbele ya wadau wa jukwaa katika warsha. Siku chache kabla ya siku hiyo anakumbushwa kwamba tamthilia ina pengo: sehemu ya pili inahitaji wimbo kwa ajili ya mhusika mkuu wa kike, na wimbo huo haupo.

Wakati huohuo mpenzi wake Susan, ambaye ni mcheza dansi, amepata kazi nje ya jiji na anasubiri kujua kama watakwenda pamoja. Michael, rafiki yake wa tangu utotoni, ameacha uigizaji na kuingia kwenye kampuni ya matangazo ya biashara, na sasa anahama chumba walichokuwa wakiishi wote. Freddy, mwenzake wa kazini, amelazwa hospitali. Saa inakwenda.

Mwongozaji ni Lin-Manuel Miranda, na hii ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza. Mswada uliandikwa na Steven Levenson. Nyimbo ni za Larson mwenyewe.

Jonathan Larson alikuwa mtu wa kweli?

Ndiyo. Alizaliwa tarehe 4 Februari 1960 na akafariki tarehe 25 Januari 1996, akiwa na miaka 35. Ndiye mtunzi wa Rent, tamthilia ya muziki iliyochukua hadithi ya opera ya La Bohème ya Puccini na kuihamishia kwa vijana maskini wa New York waliokuwa wakiishi katikati ya janga la Ukimwi. Rent ilipata Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia na Tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki, zote mwaka 1996, ikakaa Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia jijini New York, kwa miaka 12.

Larson hakuona hata kimoja kati ya hivyo. Alifariki alfajiri ya siku ileile ambayo Rent ilikuwa ionyeshwe kwa watazamaji kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi mdogo wa New York Theatre Workshop. Mshipa mkubwa wa damu utokao kwenye moyo ulichanika. Siku chache kabla alikuwa amekwenda hospitali mara mbili akilalamika maumivu ya kifua, na mara zote mbili akarudishwa nyumbani. Jioni ya siku aliyofariki, waigizaji walipanga kuimba tamthilia nzima wakiwa wameketi, kwa ajili ya familia na marafiki. Walipofika kwenye wimbo wa "La Vie Bohème" walishindwa kukaa, wakainuka na kuicheza sehemu iliyobaki.

Hayo nimeyaeleza bila kuharibu chochote, kwa sababu filamu yenyewe inataja kifo chake katika dakika za mwanzo kabisa. Mtazamaji anajua tangu mwanzo kitu ambacho Jonathan hakijui, na kila anapolalamika kwamba muda umemwishia akiwa na miaka 29, sentensi hiyo inabeba uzito wa aina mbili.

Lazima niwe nimeitazama Rent kwanza?

Hapana.

Hasa Jonathan amekwama wapi?

Hili ndilo swali lenye utajiri kuliko yote, na wengi hulijibu haraka mno. Husema kwamba ameishiwa ubunifu. Mtazame tena. Jonathan anatunga nyimbo wiki nzima! Kila kitu kinamgeukia wimbo: wateja wa Jumapili asubuhi, chumba kibovu anachoishi, nyumba mpya ya Michael, hata ugomvi na mpenzi wake. Muziki unamtoka bila kukoma. Kinachogoma ni wimbo mmoja tu, ule unaohitajika.

Wimbo wenyewe ni wa Elizabeth, mwanamke aliye ndani ya Superbia, ambaye inabidi mahali fulani amwambie shujaa wa hadithi ukweli kwa sauti yake. Sasa tazama jinsi Jonathan anavyoishi na mwanamke aliye karibu naye. Susan anamwambia kuhusu kazi aliyopata kwenye kituo cha dansi cha Jacob's Pillow, huko Massachusetts, na anamwomba jibu. Jonathan anaahirisha. Anaahirisha tena. Hasemi ndiyo, hasemi hapana, na kisingizio chake kila mara ni warsha. Mtu asiyemsikiliza mwanamke halisi anayezungumza naye anakaa usiku mbele ya kompyuta akijaribu kumwandikia maneno mwanamke wa kubuni. Mimi sioni namna ambayo wimbo ule ungekuja katika hali hiyo.

Kisha ipo hofu ya umri. Anajilinganisha na watunzi waliokwisha fanikiwa walipokuwa na umri wake, na kila ulinganisho unamwongezea kelele kichwani. Anauona wimbo huu kama mlango wa mwisho: ukifunguka amekuwa mtunzi, usipofunguka amekuwa mhudumu wa mgahawa mwenye mazoea ya kupiga piano. Wimbo mmoja hauwezi kubebeshwa mzigo huo wote na bado uandikike. Aliyewahi kusubiriwa na watu kwa kazi ambayo bado haipo anaifahamu hali hii mwilini, hahitaji kuelezwa.

Kuna tukio moja linaloyaweka yote haya mahali pamoja. Jonathan na Susan wamegombana, wakapatana nusunusu, wamekumbatiana. Susan anahisi vidole vya Jonathan vikigonga mgongoni mwake. Anapiga piano. Kichwani tayari anaugeuza ugomvi ule kuwa wimbo. Susan anagundua na anaondoka. Miranda analionyesha tukio hilo bila kumtetea Jonathan wala kumhukumu, na ndiyo maana linauma.

Superbia ni tamthilia ya kweli?

Ni ya kweli, na ilimchukua Larson miaka mingi. Alianza akitaka kuigeuza riwaya ya 1984 ya George Orwell kuwa tamthilia ya muziki wa roki, akanyimwa haki na wasimamizi wa kazi za Orwell. Hakuacha. Akabuni ulimwengu wake mwenyewe wa siku za usoni, ambamo watu hukaa wakitazama skrini na hisia zimekuwa kitu cha kushangaza. Ilisifiwa, ikapata msaada wa fedha wenye jina la mtunzi Richard Rodgers, ikafanyiwa warsha kwenye ukumbi wa Playwrights Horizons jijini New York. Haikuwahi kupandishwa jukwaani kama onyesho kamili wakati wa uhai wake.

Ni vizuri kulijua hili, maana baadhi ya watazamaji hudhani tamthilia ile ilibuniwa na filamu ili ionekane ya ajabuajabu. Ilikuwa ya ajabu kweli, na ilikuwa mbele ya wakati wake.

Kwa nini wimbo unamjia akiwa kwenye bwawa la kuogelea?

Usiku wa kuamkia warsha umeme wa chumba chake unakatwa kwa sababu hajalipa. Hana mwanga, hana kompyuta, hana mpenzi, hana rafiki wa kumpigia simu. Anakwenda kuogelea. Wimbo unaosikika hapo unaitwa "Swimming", na maneno yake ni mawazo yanayokatikakatika ya mtu anayehesabu mistari ya bwawa huku akili ikirukaruka kutoka hofu moja hadi nyingine.

Halafu mawazo yananyamaza. Mistari iliyo chini ya maji inageuka kuwa mistari ya karatasi ya muziki, na noti zinaanza kujipanga. Ni picha ya kompyuta, ndiyo, lakini imetumika kwa kiasi na mahali pake.

Wapo wanaolilaumu tukio hili kwamba linarudisha ile hadithi ya zamani ya msanii anayeshukiwa na wimbo kutoka mbinguni. Sikubaliani. Kabla ya bwawa pana miaka minane ya kazi na wiki nzima ya kuhangaika, na juu ya hayo pana Susan aliyekwisha ondoka. Maji yamemwondolea vitu viwili tu, saa na watu wanaomsubiri, na kilichobaki ni maneno ambayo Susan alikuwa akimwambia muda wote. Ndiyo maana katika warsha, mwimbaji Karessa anapoimba "Come to Your Senses", Jonathan anamwona Susan akiimba pamoja naye. Wimbo ule ni jibu ambalo mpenzi wake alistahili kulisikia mapema zaidi. Umefika, lakini umemkuta ameshaondoka.

Warsha inasifiwa na kila mtu. Mbona hakuna kinachotokea baada ya hapo?

Hapa ndipo filamu hii inapojitenga na nyingine nyingi za aina yake. Tumezoea hadithi ambamo msanii anakwama, anapata wimbo, anauimba, ukumbi unasimama, maisha yanabadilika. Jonathan anapata wimbo. Ukumbi unaguswa. Kesho yake anakaa karibu na simu, na wakala wake Rosa anampa taarifa: wamempenda sana, wanasubiri kwa hamu kuona kazi yake itakayofuata. Hakuna aliyeinunua Superbia.

Anapomuuliza afanye nini sasa, Rosa anamwambia aanze kuandika nyingine. Ikiisha hiyo, aandike nyingine tena. Anaongeza ushauri mmoja, kwamba safari hii aandike kuhusu mambo anayoyajua. Judith Light, anayemcheza Rosa, anayasema haya kwa upole wa mtu aliyekwisha yasema kwa vijana wengi, na kwa maoni yangu ni dakika mbili bora kuliko zote za filamu.

Kwa mtu aliyetoa miaka minane, jibu hilo ni kofi. Lakini kila mtazamaji anajua kitakachokuja: mtu huyu ataandika monologi ya roki kuhusu kutimiza miaka 30, kisha ataandika Rent, kuhusu mtaa wake na marafiki zake. Filamu haina haja ya kutueleza kwamba Rosa alikuwa sahihi.

Jonathan ni mbinafsi?

Mara nyingi, ndiyo. Anamkwepa Susan. Anamdharau Michael kwa kuchagua mshahara, kisha anafurahia kupanda gari lake. Michael anapomtafutia nafasi ya siku moja kwenye kikao cha kubuni majina ya bidhaa, kazi nyepesi yenye malipo, anaiharibu makusudi mbele ya watu waliomwamini rafiki yake. Filamu inatoka kwa watu wanaompenda Larson kwa dhati, na bado haikuyaficha haya.

Andrew Garfield anamcheza kwa namna inayoonyesha kwa nini watu walimvumilia: ni mchangamfu, anasikiliza vizuri anapokumbuka kusikiliza, na mapenzi yake kwa jukwaa yanaambukiza. Michael, kwa upande wake, hajachorwa kama msaliti wa sanaa. Amechoka kusimama kwenye foleni za usaili ambako hawamwiti hata kwa jina, anataka nyumba isiyovuja, na Robin de Jesús, anayemcheza, anampa heshima hiyo. Kama kuna mtu mwenye hekima katika hadithi hii, ni yeye.

Ukimwi unachukua nafasi gani katika hadithi?

Nafasi kubwa, ingawa kwa muda mrefu unakaa pembeni. Freddy amelazwa, marafiki wanapeana habari za mazishi, na Jonathan anahesabu waliokwisha ondoka wakiwa na umri wake. Kisha, baada ya warsha, Jonathan aliyekata tamaa anamfuata Michael ofisini kumwomba kazi ya matangazo. Wanagombana. Michael anamwambia kwamba ana virusi vya Ukimwi.

Msomaji wa leo anahitaji kukumbushwa mwaka 1990 ulikuwaje. Dawa iliyokuwapo ni AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, na haikuweza kuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu. Mchanganyiko wa dawa uliobadilisha kila kitu ulikuja kuenea mwaka 1996. Michael anaposema maneno yale, wote wawili wanajua kwa kawaida huwa yanaishia wapi. Wiki nzima Jonathan amekuwa akisema hana muda. Rafiki yake alikuwa akiibeba habari hiyo, na alijaribu kumweleza, lakini Jonathan alikuwa na haraka.

Kutoka hapo anakimbilia Central Park, kwenye ukumbi wa wazi wa Delacorte, anakaa kwenye piano na kuimba "Why", wimbo unaorudi kwenye utoto wake na Michael na kujiuliza kama angependa kutumia maisha yake hivi. Hauna dansi wala mbwembwe. Ni mtu, piano na viti vitupu.

Kipi ni kweli na kipi kimebuniwa?

Sauti ya Susan inakiri mapema kwamba baadhi ya mambo Jonathan aliyabuni mwenyewe, na kauli hiyo inafaa kubebwa hadi mwisho.

Larson kweli alifanya kazi kwenye mgahawa wa Moondance huko SoHo kwa karibu miaka 10. Kweli alipata malezi ya kisanii kutoka kwa Stephen Sondheim, mtunzi mkubwa wa tamthilia za muziki. Kweli rafiki yake wa utotoni alimweleza kwamba ana virusi, na rafiki huyo aliishi miaka mingi baada ya Larson kufariki. Vyumba, kaseti, daftari na vifaa vya kazi vilijengwa upya kwa uangalifu, na watengenezaji walipekua nyaraka zake zilizohifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani jijini Washington.

Kilichobadilishwa zaidi ni kalenda. Matukio ya miaka kadhaa yamebanwa ndani ya wiki moja. Warsha ya Superbia, kwa mfano, ilifanyika kabla ya mwaka 1990. Wahusika wengine wameunganishwa kutoka kwa watu mbalimbali. Ukitafuta wasifu kamili wa Larson hutaupata hapa, maana filamu imejengwa juu ya kazi ambayo yeye mwenyewe aliiandika kuhusu maisha yake, na kila msanii anapojiandika huchagua.

Kazi hiyo aliyoiandika ilikuwa ipi? Filamu inatofautianaje nayo?

Larson aliianza mwaka 1990 kama onyesho la mtu mmoja na bendi yake: anaimba, anapiga piano, anasimulia. Iliwahi kuitwa "30/90" na pia "Boho Days" kabla ya kupata jina tunalolijua. Baada ya kifo chake, mwandishi David Auburn aliipanga upya kwa waigizaji watatu, ikaonyeshwa New York mwaka 2001.

Miranda aliitazama ile ya 2001 akiwa bado mwanafunzi, na amesema mara nyingi kwamba ilimgusa kama ujumbe alioandikiwa yeye. Mwaka 2014 alilicheza jukumu la Jon mwenyewe, akiwa na Leslie Odom Jr. na Karen Olivo. Filamu inaunganisha matoleo hayo: tunamwona Larson jukwaani mwaka 1992 akiimba na kusimulia, na kutoka hapo tunaingia kwenye wiki ile ya 1990. "Swimming" na "Boho Days" zilirudishwa kutoka onyesho la awali. Kwa mtu anayejali utunzi, ukataji huu kati ya jukwaa na maisha ni somo tosha. Angalia "Therapy", ambapo ugomvi mchungu chumbani unakatizwa na wimbo wa kuchekesha jukwaani kuhusu ugomvi huohuo. Uhariri wake uliteuliwa kuwania Oscar, na tukio hilo peke yake linaeleza kwa nini.

Andrew Garfield anaimba mwenyewe?

Anaimba mwenyewe. Hakuwa mwimbaji kabla ya hapo. Miranda alimwona akiigiza jukwaani katika tamthilia ya Angels in America, akaamini kwamba mtu yule anaweza lolote, kisha ndipo akaulizia kama anaweza kuimba. Garfield alijifunza sauti na piano kwa takribani mwaka mzima.

Sauti yake haina ung'aavu wa nyota wa Broadway, na hiyo ni faida. Larson naye alikuwa mtunzi anayeimba nyimbo zake, akisukuma noti za juu kwa nguvu ya imani zaidi ya mbinu. Kuna jambo jingine. Garfield alimpoteza mama yake mwaka 2019, kabla tu ya kazi hii, na ameeleza hadharani kwamba aliuweka msiba huo ndani ya uigizaji wake. Ukilijua hilo, "Why" inasikika tofauti.

Wale watu wa mgahawani kwenye "Sunday" ni akina nani?

Ni kizazi kizima cha Broadway. Wimbo huo ni heshima ya Larson kwa wimbo wenye jina hilohilo wa Sondheim, kutoka Sunday in the Park with George, na Miranda aliwajaza mgahawani watu ambao Larson angetetemeka kuwahudumia: Chita Rivera, Joel Grey, Bebe Neuwirth, André De Shields, Phylicia Rashad, Brian Stokes Mitchell. Bernadette Peters aliigiza katika tamthilia hiyo ya Sondheim mwaka 1984, na hapa anaketi akiimba. Wapo pia Adam Pascal, Daphne Rubin-Vega na Wilson Jermaine Heredia, watatu kutoka onyesho la kwanza la Rent. Mpishi anayechungulia ni Miranda mwenyewe.

Asiyewafahamu bado ataufurahia wimbo. Anayewafahamu atalazimika kuurudia.

Stephen Sondheim ni nani, na ile sauti kwenye simu ni yake kweli?

Sondheim alikuwa mtunzi aliyeheshimiwa kuliko wote katika jukwaa la muziki la Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Katika filamu anachezwa na Bradley Whitford. Mtazame kwenye tukio la kikao cha watunzi chipukizi, ambapo mkosoaji mwingine anaiponda kazi ya Jonathan, Sondheim anasema jambo moja zuri kuihusu, na mkosoaji yule anageuka papo hapo na kukubaliana naye. Maneno machache ya mtu mmoja yanambeba kijana kwa miaka.

Ujumbe wa simu unaomfikia Jonathan karibu na mwisho ni sauti ya Sondheim halisi. Alipotumiwa mswada aliona maneno yale hayafanani na namna anavyozungumza, akayaandika upya na kujirekodi. Filamu ilianza kuonyeshwa Netflix tarehe 19 Novemba 2021. Sondheim alifariki tarehe 26 Novemba, wiki moja baadaye, akiwa na miaka 91.

Jina lina maana gani?

Ni mlio wa saa unaosikika kichwani mwa Jonathan, na mlipuko anaouogopa.

Sipendi filamu ambazo watu wanaanza kuimba ghafla. Nijaribu hii?

Jaribu. Nyimbo nyingi zina sababu ya kuwapo, kwa kuwa mhusika ni mtunzi na yuko jukwaani na bendi. Pia muziki wenyewe ni roki na pop ya miaka ya 1980 na 1990, piano na gitaa, karibu zaidi na redio kuliko opera. Ikiwa wimbo wa kwanza, "30/90", hautakuvuta kabisa, basi huenda filamu si ya kwako.

Ilipata tuzo gani?

Garfield alishinda Golden Globe ya mwigizaji bora wa kiume upande wa filamu za muziki au vichekesho. Kwenye Oscar za 2022 aliteuliwa kuwania mwigizaji bora wa kiume, na filamu iliteuliwa kwa uhariri, haikushinda. Robin de Jesús na Alexandra Shipp, anayemcheza Susan, hawakutazamwa vya kutosha na watoa tuzo, na hilo bado linanisikitisha.

Watoto wanaweza kuitazama?

Marekani imepewa daraja la PG-13, yaani wazazi wanaonywa kuhusu watoto walio chini ya miaka 13. Kuna lugha kali, mazungumzo ya mapenzi, na habari za ugonjwa na kifo. Kijana wa miaka 14 au 15 anayeandika, kuchora au kupiga ala atafaidika nayo sana, hasa akiitazama na mtu mzima anayeweza kumweleza habari za Ukimwi wa wakati ule.

Mimi ni mtunzi na nimekwama. Itanisaidia au itanivunja moyo?

Inategemea umekwama vipi. Kama una kazi nyingi ambazo hazijapata mnunuzi, mazungumzo ya Rosa yatakufaa kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo, kwa sababu hayaahidi kitu. Kama kinachokukwamisha ni sehemu moja ndani ya kazi moja, rudi kwenye tukio la vidole mgongoni na ujiulize ni nani anayezungumza nawe siku hizi huku wewe ukigonga piano. Lakini kama umetoka kufiwa, subiri kidogo. Filamu hii ina huzuni nyingi chini ya nyimbo zake za haraka.

Jambo moja la vitendo: zingatia ni mara ngapi Jonathan anaomba muda zaidi, na wimbo unakuja lini hasa. Unakuja usiku wa mwisho. Tarehe ya warsha ilimtesa, na bila tarehe ile Elizabeth asingepata wimbo.

Nikimaliza, nitazame au nisikilize nini?

Kwanza, usizime majina ya mwisho yanapopita, maana hapo kuna picha za video za Larson mwenyewe akiigiza, na utaona ni kwa kiasi gani Garfield alimsoma. Kisha nenda kwenye Rent. Ipo filamu ya 2005 iliyoongozwa na Chris Columbus, yenye waigizaji wengi wa onyesho la kwanza, na ipo rekodi ya onyesho la mwisho la Broadway la mwaka 2008. Mimi ningeanza na ile rekodi, kwa sababu kazi za Larson zinapumua vizuri zaidi mbele ya watazamaji. Ukiwa na hamu ya kuendelea, tafuta Sunday in the Park with George iliyorekodiwa na Bernadette Peters na Mandy Patinkin, kisha urudi kwenye tukio la mgahawani ukiwa unajua Larson alikuwa akizungumza na nani.